Ngozi ya Bati na Ngozi ya Dhahabu

Katika nchi yetu hii ya Shinyanga na Geita hakuna mtu asiyejua thamani ya mizani. Mkulima apelekaye pamba yake sokoni husimama karibu na mizani, wala haondoi macho yake hata mizigo yake yote imekwisha kupimwa. Kule Mwadui, mahali ambapo Dakta Williamson aligundua almasi mwaka 1940, jiwe dogo kama punje ya mtama hupimwa kwa karati, na karati tano ndizo gramu moja tu. Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama hupima dhahabu kwa mizani midogo isomayo hata sehemu ya mia ya gramu, na mtu akiona tarakimu ya mwisho imepungua kwa moja, hugombana. Basi sisi ni watu wa mizani. Walakini kuna kitu kimoja tunachokinunua kila mwaka kwa fedha nyingi, nacho hatukipimi hata kidogo. Ni ile ngozi nyembamba ya madini iliyovikwa juu ya madini mengine.

Neno hili laweza kuonekana dogo. Lakini mzazi auzaye ng'ombe wawili ili aezeke nyumba yake, na kijana atoaye akiba ya miaka mitatu kununua kipande cha dhahabu, wote wawili hununua ngozi hiyo pasipo kujua unene wake. Wa kwanza huumia ikiwa ngozi ni nyembamba mno. Wa pili huumia kwa kuwa ngozi ipo, na chini yake hamna dhahabu. Kwa hiyo twataka kueleza, kadiri tulivyofundishwa na tulivyojaribu wenyewe, jinsi unene wa ngozi hiyo upimwavyo, na kila kipimo hujibu swali gani.

Tuanze na bati. Jina hilo kwa asili ni la madini mengine meupe. Lile tulinunualo dukani ni karatasi ya chuma iliyovikwa zinki. Mwaka 1829 Mwingereza mmoja, Henry Robinson Palmer, alipata hati ya kulinda ugunduzi wake wa karatasi za chuma zenye migongo. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel naye akapata hati yake ya kuchovya chuma katika zinki ili kisishikwe na kutu. Mambo hayo mawili yalipounganishwa, likapatikana bati tulijualo. Siku hizi chuma kilichosafishwa hupitishwa katika zinki iliyoyeyuka, yenye joto la digrii 450 hivi, nayo zinki hushikamana nacho pande zote mbili. Kinapotoka, upepo mkali hupulizwa juu yake kuondoa zinki iliyozidi. Upepo ukizidi nguvu, ngozi hubaki nyembamba. Ukipungua, hubaki nene. Hapo ndipo penye siri ya bei. Zinki ni ghali kuliko chuma, na mwenye kiwanda akipunguza ngozi hupunguza gharama yake, wala jicho la mnunuzi haliwezi kuona tofauti.

Tena zinki haifuniki chuma tu kama rangi ifunikavyo ubao. Zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Ndiyo maana bati likikwaruzwa kidogo, au likikatwa kwa mkasi, ule ukingo haushikwi na kutu mara moja. Zinki iliyo jirani huulinda. Lakini mlinzi huyo hulipa kwa mwili wake mwenyewe. Kila masika hupungua kidogo, na siku akiisha, kutu nyekundu huingia. Kwa hiyo umri wa ngozi ya bati ni unene wa zinki ukigawanywa kwa upungufu wa kila mwaka. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano aiweza.

Unene huo hauhesabiwi kwa milimita, kwa maana milimita ni kubwa mno. Wataalamu huigawa milimita moja katika sehemu elfu, na kila sehemu huiita mikroni. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 50 hata 100. Ngozi ya zinki juu ya bati zuri ni mikroni 20 kila upande. Juu ya bati la namna ya chini zaidi ni mikroni 7. Na yako mengine ambayo hayafiki hata 3. Viwango vya kimataifa vya kutu vyasema kwamba mahali pa bara penye hewa safi zinki hupungua kati ya mikroni 0.1 na 0.7 kwa mwaka, bali pwani, penye chumvi hewani, hupungua mikroni 2.1 hata 4.2, na palipo wazi kabisa kwa bahari huzidi hapo. Basi ngozi ya mikroni 7, hata ikipungua kwa kasi ya 0.7, itaishi miaka 10 hapa kwetu. Ile ya mikroni 20 itapita miaka 28. Ile isiyofika 3 yaweza kwisha katika mwaka wa nne. Na mtu akilichukua bati la mikroni 7 akaezekea nyumba yake Bagamoyo, asishangae ngozi ikiisha kabla mwaka wa nne haujatimia.

Wengi watatuambia, "Sisi twajua kupima bati, twauliza geji." Ni kweli, geji ni kipimo, lakini hujibu swali jingine. Geji ni unene wa bati zima, chuma na zinki pamoja. Kwa orodha ya kale ya Birmingham, geji 28 ni milimita 0.36, geji 30 ni milimita 0.30, na geji 32 ni milimita 0.23, namba ikipanda, bati hupungua. Fundi mwenye mikromita, kile chombo cha skrubu kibanacho kitu na kuonyesha unene wake, aweza kuhakikisha geji kwa dakika moja, nasi twasifu kila kamati inayofanya hivyo. Walakini geji hutuambia kama bati litabonyea fundi akilikanyaga, au kama upepo utalikunja. Haituambii litashikwa na kutu lini. Mabati mawili yaweza kuwa geji 30 yote mawili, na moja likawa na zinki mara mbili ya jingine, au zaidi.

Wengine hutazama yale maua ya kung'aa yaliyo juu ya bati, wakidhani kwamba maua makubwa ni dalili ya zinki nyingi. Maua hayo ni zinki ilipokuwa ikiganda. Ukubwa wake hutokana na jinsi ilivyopozwa na vitu vilivyochanganywa nayo, si unene. Nao mng'aro haupimi kitu cho chote. Ngozi ya mikroni 2 yaweza kung'aa sawasawa na ya mikroni 20 siku ya kununuliwa.

Sasa tueleze jambo tulilolishuhudia. Mwaka 2023 kamati ya ujenzi ya shule tunapofundisha ilikuwa na fedha za wazazi za kuezeka vyumba viwili vya darasa. Mabati 160 yalihitajiwa. Maduka mawili yalileta bei zao. Yote mawili yaliuza geji 30, lakini bati la duka la pili lilikuwa rahisi kwa shilingi 2,500, tena liling'aa zaidi. Kwa mabati yote tofauti ilikuwa shilingi 400,000, na mweka hazina alikwisha kupiga hesabu ya madawati ambayo yangetengenezwa kwa fedha hiyo. Wala hakuwa mtu mbaya. Watoto wa darasa la kwanza na la pili walikuwa wakiandika wameketi sakafuni, naye aliwaonea huruma. Lakini wazazi wengine walikumbuka nyumba ya mjane mmoja wa kitongoji cha pili, ambaye wanawe walimwezekea kwa mabati ya bei rahisi, na kabla ya mwaka wa tano paa lilikuwa jekundu kama udongo wa kichuguu.

Tuliomba siku tatu. Likanunuliwa bati moja kutoka kila duka, nasi tukaenda nayo kwa mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari iliyo jirani. Tulinyosha migongo kwa nyundo ya mbao, kisha katika kila bati tukakata vipande vitatu, kimoja pembeni, kimoja katikati, na kimoja upande wa pili, kwa maana zinki haiwi sawa mahali pote. Kila kipande kilikuwa sentimita 10 kwa 10. Tulivipangusa kwa spiriti ili mafuta yatoke, ndipo tukavipima. Mizani ya shule haikuweza kusoma vitu vidogo hivyo, basi mnunuzi mmoja wa dhahabu alituazima mizani yake. Mzee wa kamati aliyefuatana nasi alicheka, akasema, "Mwalimu, tangu lini bati likapimwa kwa mizani ya dhahabu?" Tukamjibu, "Mzee wetu, dhahabu ikipungua kidogo hulia mnunuzi. Hili likipungua watalia watoto."

Vipande vilipokwisha kupimwa, mwalimu yule alivitia katika asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji. Jambo hili si la kufanywa jikoni wala na watoto peke yao. Asidi hutiwa katika maji, wala si maji katika asidi. Tena hufanywa nje, mbali na moto, kwa kuwa hewa itokayo ni haidrojeni, nayo huwaka. Asidi huila zinki kwa povu jingi. Zinki ikiisha, povu hutulia, na chuma cheusi huonekana. Maabara kubwa huongeza dawa ya kuzuia asidi isile chuma. Sisi hatukuwa nayo, kwa hiyo kila kipande kilitolewa mara tu povu lilipotulia, kikaoshwa, kikakaushwa, kikapimwa tena. Uzito uliopungua ndio uzito wa zinki.

Vipande vya bati la kwanza vilipungua gramu 0.98, 1.03 na 0.99, wastani wake ni gramu 1.00. Vya bati la pili vilipungua gramu 0.43, 0.38 na 0.39, wastani wake ni gramu 0.40. Hesabu yake ni nyepesi. Mita mraba moja ina vipande 100 vya namna ile, basi bati la kwanza lina zinki gramu 100 katika kila mita mraba, na la pili gramu 40. Zinki hiyo iko pande mbili, hivyo kila upande una gramu 50 katika la kwanza, na gramu 20 katika la pili. Na zinki yenye unene wa mikroni moja juu ya mita mraba moja ina uzito wa gramu 7.14. Tukigawanya, twapata mikroni 7 katika bati la kwanza, na mikroni 2.8 katika bati la pili. Geji zilikuwa sawa, bei ilitofautiana kwa shilingi 2,500 tu, na ngozi ilitofautiana mara mbili na nusu.

Hesabu ile iliandikwa ubaoni mbele ya mkutano wa wazazi. Mweka hazina aliuliza swali la haki: "Je, watoto waendelee kuketi sakafuni kwa sababu ya kitu kisichoonekana?" Kukawa kimya kidogo. Ndipo mama mmoja akasimama, akasema, "Baba zangu, wamekaa chini miaka miwili. Muhula mmoja zaidi tutawaletea mikeka. Lakini tukipata madawati leo, na mvua ikaingia mwaka wa tano, tutakuwa hatuna paa wala madawati." Wakapiga kura, mabati ya kwanza yakanunuliwa. Madawati yalichelewa, si muhula mmoja, bali miwili. Hatutaki kuficha gharama hiyo, kwa maana watoto ndio walioilipa. Duka lile la pili hatulitaji. Yawezekana mwenye duka naye aliuziwa pasipo kujua.

Njia hiyo ya kupima uzito, kuondoa ngozi na kupima tena, ni ya kuaminika sana, lakini ina upungufu wake. Hutoa wastani. Kama mahali pamoja pana mikroni 10 na mahali pengine pana 1, wastani hautasema. Na kutu huanzia pale palipo pembamba. Kwa swali hilo kuna njia ya kale ya mrututu, ile dawa ya buluu ambayo wakulima huijua. Kipande cha bati huchovywa katika maji ya mrututu kwa dakika moja, huoshwa, hupanguswa, huchovywa tena, na kadhalika. Kila mara zinki kidogo huliwa, na ukungu mweusi wa shaba ulioachwa hufutika kwa kitambaa. Siku zinki ikiisha mahali po pote, shaba nyekundu hushika juu ya chuma, ikang'aa, wala haifutiki tena. Hesabu ya michovyo huonyesha ubora wa mahali palipo dhaifu kuliko pote. Mrututu hausemi mikroni ngapi. Hutuonyesha paa litaanza kuvuja wapi.

Njia hizi mbili huharibu kipande kilichopimwa. Mwenye kutaka kupima bila kuharibu hutumia sumaku. Kuna chombo kidogo chenye sumaku iliyofungwa kwa springi. Chuma huvuta sumaku, zinki haiivuti. Basi kadiri ngozi ya zinki ilivyo nene, ndivyo sumaku inavyobanduka kwa urahisi, na nguvu ya kuibandua husomwa kwa namba. Siku hizi viko vyombo vya umeme vifanyavyo kazi hiyo kwa nukta moja. Walakini chombo hicho hakina budi kufundishwa kwanza, yaani kuwekwa juu ya chuma kitupu cha namna ile ile, na juu ya karatasi nyembamba ambazo unene wake wajulikana. Bati jembamba lenyewe laweza kukidanganya, kwa kuwa chuma kilicho chini hakitoshi kuivuta sumaku sawasawa. Nacho bati la rangi hukidanganya vile vile, kwani hupima rangi na zinki pamoja kama ngozi moja. Tena chombo hiki hufaa pale ambapo ngozi haivutwi na sumaku. Sarafu yetu ya shilingi 500, iliyotolewa mwaka 2014, ni chuma kilichovikwa nikeli, na nikeli huvutwa na sumaku; chombo cha zinki hakitasema kweli juu yake.

Watu wakibishana, hukumu ya mwisho aghalabu hutolewa kwa hadubini. Kipande hukatwa, husimamishwa ndani ya gundi ngumu, husuguliwa mpaka kikalainika kama kioo, na ukingo wake hutazamwa. Hapo ngozi huonekana kwa macho kama mstari mwembamba juu ya chuma, na unene wake hupimwa. Lakini hadubini huona mahali pale pale palipokatwa tu.

Sasa twende kwenye dhahabu, kwa maana huko ngozi hutufundisha somo hilo hilo kwa upande wa pili. Wengi wa vijana wetu wafanyao kazi katika mitambo ya kaboni, Kahama na Geita, hawajui kwamba kila siku wanaona dhahabu ikivikwa juu ya chuma. Dhahabu iliyoyeyushwa kwa sayanaidi hunaswa na kaboni. Kisha huoshwa kutoka kaboni, na maji yenye dhahabu hupitishwa penye umeme. Dhahabu hutoka katika maji ikashika juu ya nyuzi za chuma, ikazivika. Kazi ya sonara wa mjini avikaye pete kwa umeme ni ile ile, ila yeye ataka ngozi nzuri, na mtambo wataka dhahabu nyingi. Mtaalamu Mwingereza Michael Faraday alionyesha miaka ya 1830 kwamba kiasi cha madini kishikacho hufuata kiasi cha umeme upitao. Katika maji ya sayanaidi, umeme wa ampea moja kwa saa moja, ukifanya kazi hiyo tu pasipo kupotea, huleta dhahabu gramu 7.35. Na jambo hili laweza kugeuzwa: umeme ukigeuzwa njia katika maji yafaayo, ngozi hubanduka kutoka mahali padogo palipopimwa, na kiasi cha umeme uliotumika mpaka ngozi ikaisha hutuambia unene wake. Hiyo nayo ni njia ya kupima, nayo hutumika sana kwa nikeli, kromi na shaba.

Sasa pigeni hesabu ya pete. Chukueni pete ya shaba ambayo eneo lake la nje na la ndani ni sentimita mraba 6. Ikivikwa dhahabu ya mikroni moja, ina dhahabu gramu 0.0116 tu. Ndiyo ile tarakimu ya mwisho ya mizani ambayo wachimbaji hugombania! Pete hiyo ikiuzwa kama pete iliyovikwa, kwa bei yake, hakuna dhambi. Ubaya upo pale ambapo kipande cha shaba iliyochanganywa na zinki, kilichovikwa dhahabu, huletwa jioni njiani na mtu mwenye haraka, akasema ni dhahabu ya mgodini.

Mnunuzi wa zamani hukisugua kipande juu ya jiwe jeusi, akaudondoshea asidi ule mstari uliobaki. Njia hii ni nzuri, lakini jiwe halioni ila ngozi. Ikiwa ngozi ni nene, mstari utakuwa wa dhahabu kweli. Tangu soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita mwezi wa Machi 2019, na mengine mahali pengine, watu wamezoea kuiona mashine ipimayo kwa miali. Hupiga miali ya eksirei juu ya kipande, na kila madini hurudisha miali yake yenyewe, kama kila mtu ajibuvyo kwa sauti yake. Kwa mashine ya namna hiyo viwanda hupima hata unene wa ngozi, kwa kulinganisha sauti ya ngozi na sauti ya kilicho chini. Walakini katika dhahabu miali hiyo haifiki mbali. Mikroni kumi hivi, na sauti ya chini haisikiki tena. Mashine haisemi uongo; imeulizwa habari za juu, nayo imejibu habari za juu.

Swali la ndani hujibiwa na maji. Watu wengi wamesikia habari za Archimedes wa Syracuse na taji ya mfalme. Dhahabu ni nzito mara 19.3 kuliko maji ya ukubwa ule ule. Shaba yenye zinki ni nzito mara 8.5 hivi. Kipande cha dhahabu safi chenye gramu 38.6 kikiningʼinizwa kwa uzi ndani ya maji hupungua uzito wake gramu 2.0. Kipande cha shaba ile chenye uzito huo huo hupungua gramu 4.5, hata kikivikwa dhahabu namna gani. Kikombe cha maji, uzi, na mizani ile ile ya mnunuzi vyatosha. Lakini maji nayo yana mpaka wake. Dhahabu yetu aghalabu ina fedha ndani yake, hivyo hupungua zaidi kidogo ya dhahabu safi. Na yako madini yaitwayo tangsteni ambayo uzito wake ni karibu sawa na wa dhahabu, nayo huyadanganya maji. Kwa hiyo mwenye kununua kipande kikubwa hana budi kukikata kwa patasi, au kukiyeyusha mbele ya macho yake, ndani ya soko penye mashahidi.

Kama tulivyoona, hakuna kipimo kijibucho maswali yote. Skrubu hujibu juu ya bati zima. Asidi hujibu juu ya wastani wa ngozi. Mrututu hujibu juu ya mahali dhaifu, sumaku na hadubini juu ya mahali pale ulipoviweka. Jiwe na miali hujibu juu ya uso, maji juu ya mwili wote. Tapeli hushinda kwa kutupa jibu la kweli la swali ambalo silo tulilopaswa kuuliza. Akiulizwa geji, hujibu geji. Akiambiwa asugue juu ya jiwe, husugua kwa furaha.

Basi twawashauri ndugu zetu mambo machache. Mtu anunuapo mabati, asiulize geji peke yake. Aulize pia gramu za zinki katika kila mita mraba, na kama ni zinki tupu au zinki pamoja na alumini, maana mchanganyiko huo ni mwepesi: gramu 150 zake hutoa unene karibu sawa na gramu 275 za zinki tupu. Atazame alama ya Shirika la Viwango Tanzania, na jibu la muuzaji aliandikishe katika risiti, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Muuzaji asiyejua gramu zake na aulize kwa aliyemwuzia; wakiulizwa na watu wengi, watajifunza kujibu. Kijiji kizima kikiezeka pamoja, kama shule au zahanati, bati moja la kujaribiwa si hasara. Nao waalimu wenzetu twawaomba wawape wanafunzi hesabu hii ya vipande vitatu, wafanye kwa namba zao wenyewe, ili mwana wa mkulima akikua, asimame mbele ya duka la mabati kama baba yake asimamavyo mbele ya mizani ya pamba.